Kidole Changu Juu ya Picha ya Mama Aline

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Nimeitundika jikoni. Halafu mkaniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi, ninyi wadogo zangu mnaobaki na mashine, nikakubali kabla sijafikiri. Nadhani mlitarajia vichekesho. Vipo viwili vitatu, nitavitoa mapema tumalizane navyo. Kile kingine nilicho nacho hakichekeshi, na hakuna kati yenu anayekijua chote.

Nilifika Goma kutoka Butembo nikiwa msichana mwenye cheti kipya na viatu vya kuazima. Walinipeleka kwa Papa Kambale, fundi wa picha za radio, yaani eksirei, mwanaume mwembamba aliyenuka dawa ya kuoshea filamu hata Jumapili kanisani. Hakunipa mkono. Alinionyesha mlango wa chumba cha giza, pale tulipokuwa tukisafishia filamu, akasema, "Masika, ukiwa humu, hata askofu akigonga, haufungue." Siku ya tatu muuguzi mmoja aligonga kwa fujo, nikafungua. Filamu zote za asubuhi ile ziliungua kwa mwanga. Papa Kambale hakupiga kelele. Alinituma niende kwa wagonjwa mmoja mmoja, niwaeleze kosa langu kwa mdomo wangu mwenyewe, niwaombe warudi mezani. Mmoja wao alikuwa na mguu uliovunjika mara mbili. Maneno aliyoniambia nayakumbuka yote, ila siwezi kuyaandika hapa.

Yule mzee ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kumpanga mtoto anayelia, kumgeuza mtu aliyevunjika mbavu bila kumwongezea maumivu, na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kugumu. Mgonjwa akishuka mezani lazima aulize, "Papa, munaona nini?" Naye humjibu kwa uso mkavu, "Ninaona kama haukutikisika." Alisema sisi ni watu wa kupiga picha, kuisoma ni kazi ya daktari, na fundi anayesoma picha mbele ya mgonjwa ni sawa na mpishi anayehubiri. Nilicheka. Nilidhani ni majivuno ya watu wa zamani.

Alikuwa amekwisha kufa ilipokuja mashine ya sumaku, hii mnayoiita IRM. Ilifika juu ya lori, vipande vipande, na baadhi yenu mlikuwa hamjazaliwa ilipotoka kiwandani. Umeme ukikatika katikati ya picha tunaanza upya, mgonjwa akiwa bado ameingizwa kichwa ndani ya ile kofia ya plastiki kama mtu anayejaribu chungu. Mnajua kikapu kilichoko mlangoni, cha kuachia vyuma visivutwe na sumaku. Mimi ndiye niliyekinunua sokoni, kikapu cha vitunguu. Kimepokea rozari, vibanio vya nywele, funguo za kufuli, sindano za kubania kanga, na mara moja meno ya mama mmoja ambaye mume wake hakujua kwamba si yake.

Swali la vyuma vya mwilini ndilo lililotushinda mwanzoni. Kwingine, nadhani, watu hulijibu haraka. Hapa ukimuuliza mwanaume wa Masisi kama ana kipande cha risasi mwilini, atasema hapana huku kovu unaliona, kwa sababu swali la pili analijua: nani alikupiga, na wewe ulikuwa upande gani? Tukabadilisha namna ya kuuliza. "Papa, kama iko chuma ndani, nionyeshe tu na kidole. Sitauliza ilitoka wapi." Ndipo vidole vilipoanza kuonyesha. Endeleeni kuuliza hivyo, tafadhali, hata kama karatasi mpya inasema vingine.

Kisha akaja Daktari Bahati na utafiti wake. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, kijana bado, mwenye sauti ya chini na haraka nyingi. Alitaka kuchunguza sonona, ule ugonjwa ambao watu wetu huusikia kwa Kifaransa tu, dépression, na nyumbani huuita mawazo mingi. Alitaka kujua kama mtu aliyeishi nao miaka mingi hubadilika umbo la ubongo wenyewe, hasa kipande kimoja kirefu kilichojificha ndani, upande wa kushoto na wa kulia, kinachoshughulika na kumbukumbu. Walio wagonjwa tungewapiga picha, wasio wagonjwa tungewapiga picha, kisha tungelinganisha kundi na kundi. Wagonjwa wangerudi tena baada ya mwaka wa matibabu.

Kazi ya kupima iliniangukia mimi. Picha inakata kichwa vipande vyembamba kama mkate, nami kwenye kila kipande nachora mpaka kwa kipanya cha kompyuta, polepole, kuzunguka kitu chenye rangi ya kijivu kilichokaa katikati ya vijivu vingine. Sikuambiwa kichwa ni cha nani wala cha kundi gani, nilipewa namba tu. Jumatatu nachora, Ijumaa nachora kichwa kilekile bila kujua, na daktari analinganisha mkono wangu wa Jumatatu na wa Ijumaa. Mara nyingine ilionekana kama ugonjwa ulikuwa kwenye mkono wangu. Nikaacha kahawa kwa ajili ya sayansi, na sayansi haikunishukuru.

Jambo moja lishikeni, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Ukichukua kichwa cha mtu mmoja, picha haikuambii kama ana sonona. Haikuambii kabisa. Tofauti, kama ipo, ni ndogo, na inaonekana tu ukiwaweka wengi pamoja ukatafuta wastani. Daktari Bahati alinieleza hivyo siku ya kwanza, na nilielewa vizuri.

Mama Aline aliletwa na shemeji yake. Walikuwa watu wa Rutshuru, waliokimbia vita na kupanga nyumba mtaa wa Katoyi, ukoo mzima katika uwanja mmoja. Alikuwa na watoto wawili, Aline na mdogo wake Moïse. Mume wake alikuwepo, mtu mpole ambaye mbele ya kaka yake mkubwa hakuwa na sauti. Kaka huyo ndiye Papa Faustin, mkubwa wa ukoo hapa mjini, na ndiye aliyeongea mlangoni kama vile mgonjwa hakuwepo.

"Huyu mama hapikake, haoshake batoto, analala tu na kuangalia ukuta. Tumeombea, hapana. Tumemugombeza, hapana. Sasa tunataka kujua kama ni bugonjwa ao ni buvivu."

Nilimlaza Mama Aline. Mashine ikianza, mlio wake wa kugongagonga kama bunduki huwashtua wengi waliotoka Rutshuru, na mimi huwashika mguu ili wajue kuna mtu. Yeye hakushtuka. Alikuwa ameacha hata kuogopa, na jambo hilo lilinitisha kuliko machozi yoyote. Alipotoka alikaa pembezoni mwa meza, Papa Faustin akiwa nje, akaongea kwa mara ya kwanza.

"Mama Masika, nakuomba. Unionyeshe kidonda."

"Kidonda gani?"

"Chenye kuwa mu kichwa. Kama mu picha hamuna kitu, batasema ni buvivu, batanifukuza. Na kwetu hakuna mutu tena wa kunipokea. Batoto batabaki na nani?"

Nilimwambia daktari atamweleza. Nilisema vile nilivyofundishwa. Lakini wiki ile sikulala vizuri, nakiri. Nilikuwa nimeolewa nami, najua ukoo wa mume ukikaa kikao juu yako unavyojisikia, na namna maneno ya huzuni yasivyo na uzito mbele ya wanaume waliokalia viti. Katika mji wetu mtu aliyevunjika mkono anahurumiwa, kwa sababu mkono unaonekana. Picha hupelekwa nyumbani ndani ya bahasha kubwa, hulazwa chini ya godoro isikunjike, na jirani akija kuuliza hali hutolewa ikainuliwa dirishani. Asiye na kitu kwenye picha anajifanya.

Siku ya majibu Daktari Bahati aliitwa mkutanoni. Ilibidi niwaambie warudi kesho. Papa Faustin alikuwa amekwisha kuchukua filamu, ameiinua kwenye mwanga wa dirisha, kofia kichwani. "Hapa iko wapi bugonjwa?" aliuliza. "Miye naona kichwa tu." Mama Aline aliniangalia.

Katikati ya ubongo wa kila binadamu kuna vyumba vya maji. Kwenye picha zile vinatoka vyeusi, viwili vikubwa vilivyopindana kama mabawa. Mimi ninavyo, ninyi mnavyo, askofu anavyo. Nilinyoosha kidole changu nikakiweka juu ya weusi ule, nikakiacha hapo. Sikusema neno. Baadaye nilijitetea hivyo kwa muda mrefu, kwamba sikusema neno lolote la uongo.

Papa Faustin akavua kofia. "Mashimo," alisema taratibu. Kisha akamgeukia Mama Aline, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Pole, shemeji. Hatukujua."

Nilirudi kwenye mashine nikiwa mwepesi. Nilisikia fahari, ndiyo, acha niseme ukweli. Nilimwona Papa Kambale na ukavu wake kama mtu ambaye hakuwahi kumwokoa mtu yeyote. Daktari Bahati aliporudi nilimwambia tu kwamba familia imechukua filamu. Mwanzoni habari zilikuwa nzuri. Mama Aline alikuja kuchukua dawa akiwa ameoshwa nywele, akaniambia shemeji zake wanampikia uji, na kwamba hakuna anayemgombeza. Alianza kukaa kwenye mazungumzo na daktari. Miezi ikapita, akaacha kuja na msindikizaji, nami nikaendelea kuchora vijivu vyangu.

Mwaka ulipotimia alirudi kwa picha ya pili. Kidogo nisimtambue. Alikuwa amenenepa kidogo, amefunga kitambaa kizuri, na mikononi alikuwa na rangi ya kijani ya majani ya muhogo, kwa sababu sasa aliuza sombe huko Munigi, nje ya mji. Nilimpongeza. Nilimuuliza Aline na Moïse wanaendeleaje.

"Siko nabo," alisema.

Alinieleza akiwa anavua pete na kuiweka kwenye kikapu, mambo ambayo kwa haya hakuwa amemwambia hata daktari. Baada ya uji na upole, ukoo ulikaa kikao. Walizungusha filamu mkono kwa mkono. Mtu mmoja alisema mwenye mashimo kwenye ubongo anaweza kuanguka na mtoto motoni. Mwingine alisema mashimo yanaongezeka, siku moja hatawajua watoto wake, atawafanyia kitu. Hakuna aliyemchukia. Walimwonea huruma sana, na kwa huruma hiyohiyo wakawapeleka watoto kwa mke wa Papa Faustin, wakamtafutia yeye chumba Munigi kwa shangazi mmoja mzee. Mume alikubali akiangalia chini. Kuwaona watoto aliruhusiwa, lakini mtu mzima awe karibu, na asiwabebe.

"Kama bangesema niko muvivu, ningeamuka siku moja, ningepika, ingeisha," alisema. "Lakini shimo, utaamuka nalo namna gani? Sasa nimepona, Mama Masika. Docteur mwenyewe anasema nimepona. Unipige picha, nibapelekee, baone mashimo imefungika."

Nilimlaza. Picha zilipotokea kwenye kompyuta zilikuwa kama za mwaka uliopita, vyumba viwili vyeusi mahali pake, safi, vya mtu mzima kabisa. Alisimama nyuma yangu, amekiuka kanuni, nami sikumfukuza.

"Bado iko," alisema.

Tulipojaribu mashine mwaka ule wa kwanza, mafundi wote tulipigana picha. Nilifungua ya kwangu nikaiweka kando ya yake. Nilimwambia kile ni kichwa changu. Nilimwonyesha weusi wangu. Nilimwambia ni maji tu, kila mtu anayo, na kwamba siku ile nilijua hivyo.

Aliangalia kichwa kimoja, kisha kingine. Nilingoja anipige. Ningekubali.

"Kumbe balininyanganya batoto juu ya kitu chenye kila mutu iko nacho," alisema. Halafu, bila kuinua sauti, "Weye utaenda kubaambia. Siyo miye. Weye."

Kabla ya kwenda nilimwambia Daktari Bahati. Hakupiga kelele naye, sijui kwa nini Mungu alinipa watu wasiopiga kelele. Alisema, "Ulimupa jibu lenye sisi wenyewe hatuna, mama. Miaka yote hii tunalitafuta na hatulione vizuri, weye ulilimupa na kidole." Akanitoa kwenye kupima. Ninyi mliambiwa macho yangu yamechoka. Haikuwa macho.

Jumamosi tulikwenda Katoyi, Mama Aline na mimi, bahasha mbili mkononi. Uwanja ulikuwa umefagiwa juu ya mawe meusi, viti vya plastiki vimepangwa. Papa Faustin alitupokea kwa heshima, akaniita docteur ingawa nilimsahihisha. Mume wa Mama Aline alikaa mwisho kabisa. Nilisimama nikasema yote. Nilisema weusi ule si ugonjwa. Nilisema sonona ni ugonjwa wa kweli, lakini kwa mtu mmoja haukamatwi kwenye picha namna ile, unatibiwa, na yeye ametibiwa. Nilisema nilinyoosha kidole kwa sababu niliogopa watamfukuza. Niliinua vichwa viwili dirishani, changu na chake.

Papa Faustin aliviangalia kwa makini sana. Ni mtu mwenye akili, wala si mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Akarudisha filamu kwenye bahasha zake moja moja.

"Mama, siku ile tulikuamini, juu uko mutu wa mashine," alisema. "Leo unasema ulitudanganya kwa kumuhurumia. Sawa. Lakini na leo unamuhurumia. Shiye tutajua namna gani ni siku gani unasema ukweli?"

Wote walikuwa wakinisubiri, hata mume, na Mama Aline alikuwa ameshika kanga yake magotini kwa mikono miwili. Maneno yangu yote nilikuwa nimeyatumia, na yale ya kweli yalifika yakiwa yamechelewa.

"Batoto babakie hapa kwanza," alisema Papa Faustin. "Docteur Bahati akuje mwenyewe. Tutamusikiliza." Daktari alikwenda baadaye, mara mbili. Walimsikiliza kwa adabu, wakamwambia watafikiri. Ninapoandika haya wangali wakifikiri, na Mama Aline anakwenda Katoyi kila Jumapili baada ya misa.

Lakini siku ile, tulipoinuka kuondoka, wakamwita Aline aje kumsalimia mama yake. Alikuja, msichana mrefu kuliko nilivyomdhania, amevaa sare ya shule ingawa ilikuwa Jumamosi. Alisimama hatua tatu mbali, akaangalia wakubwa kama kuomba ruhusa. Mama yake alipiga magoti juu ya mawe, akafungua kitambaa cha kichwani, akainamisha kichwa. Hakusema kitu. Mtoto akasogea. Akaingiza vidole katikati ya nywele za mama yake, juu, kisha pembeni, kisha nyuma ya masikio, taratibu, kwa makini, anatafuta shimo. Hakulikuta. Akarudia tena kutoka mwanzo.